Kutangaza biashara ndogo bila kudanganya: maswali ambayo wafanyabiashara wa Goma huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mama mwenye meza sokoni Virunga, wa kijana anayeuza simu Birere, wa mshonaji wa Katindo anayeonyesha kazi zake kwenye stati ya WhatsApp, na wa yeyote mwingine hapa Goma ambaye katika biashara yake yeye ndiye mwenye mali, mtangazaji na karani. Maswali ni yale yanayorudi kila wafanyabiashara wanapokaa pamoja. Majibu yana mzizi mmoja: jambo ambalo mteja akilijua angefunga pochi yake, alijue kabla hajalipa.

Mimi nina kioski tu. Maadili ya matangazo si shauri la makampuni makubwa?

Hapana, na naamini mdogo ndiye anayeguswa zaidi. Kampuni kubwa ikimkosea mteja mmoja ina maelfu wengine, na ina pesa ya kuweka mabango mapya. Wateja wako wewe wanakaa avenyu moja, wanasali pamoja, wanaweka akiba kwenye AVEC moja, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana. Habari ya unga uliochanganywa inafika kwao kabla hujafunga kioski.

Tena tusidhani tangazo ni redio na bango peke yake. Namna unavyopanga meza, unavyomwita mpita njia, unachoandika chini ya picha, kopo unalopimia: vyote vinamwambia mteja kitu, na vyote vinaweza kumdanganya. Chama cha Biashara cha Kimataifa chenye makao Paris kilitoa kanuni zake za kwanza za matangazo mwaka 1937, na kiini chake bado ni kile kile: tangazo liwe halali, la heshima na la kweli. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo ya kumlinda mlaji. Mwenye meza ya mbao hakusamehewa popote humo.

Napanga nyanya nzuri juu na zilizolainika chini. Nimekosa?

Kupanga meza ivutie si kosa. Kosa linaanza pale mteja anaponunua ndoo nzima kwa kuangalia juu, bila nafasi ya kupindua. Zilizolainika zitenge, ziuze peke yake kwa bei ya chini. Wapo wanaozitafuta hizo hizo, hasa wenye vibanda vya chakula, nao watakushukuru.

Jambo zito zaidi ni kopo. Maharagwe ya Rutshuru, unga wa muhogo, mchele: sokoni mengi hayapandi kwenye mizani, yanapimwa kwa kopo. Geuza kopo uangalie kitako chake. Kikigongwa kwa nyundo kikaingia ndani, kwa mbele kopo ni lile lile, lakini kila pimo limepungua kiganja. Mwingine huweka kipande cha karatoni chini. Mwingine hagongi kopo, ila anamwaga haraka ili punje zisishikane, halafu anasawazisha juu kwa kidole kilichozama ndani. Wanunuzi wa mji huu wanayajua haya yote. Ndiyo maana mama husema "ongeza, mama", na muuzaji anaongeza kile kile alichokwisha kukipunguza.

Ukitaka kujulikana sokoni, tumia kopo zima lisilo na bonde na uweke mizani ndogo pembeni kwa asiyeamini. Hakuna megafoni inayoshinda hilo. Na mpimie mtoto aliyetumwa na mama yake sawasawa na vile ungempimia mama mwenyewe. Kwa kweli hapo ndipo wengi tunaanguka.

Kwa nini mnapinga "bei inbox", yaani kutoandika bei hadi mteja aulize kwa ujumbe wa faragha? Wateja wenyewe wanapenda kupatana.

Kupatana bei ni desturi yetu, hakuna anayeikataza. Ubaya wa kuficha bei ni kwamba unapata nafasi ya kumpima mtu kwanza: picha yake ya profaili, mtaa anaokaa, kama anafanya kazi kwenye ONG (shirika lisilo la serikali). Kisha unamtajia bei inayofanana na sura yake. Wa Himbi analipa dola 35, wa Ndosho dola 25, siku moja wanakutana harusini wamevaa kitenge kile kile. Andika bei ya kuanzia. Kama uko tayari kushuka, andika "tunapatana", basi.

Na bei ya hapa kwetu ina mkia: ni pesa gani, na kwa kiwango gani cha kubadilisha? Unatangaza dola 10, mteja anakuja na franka, unamhesabia kwa kiwango kilichozidi cha wabadilishaji walioketi barabarani. Hapo hukuuza kwa dola 10. Bandika kiwango cha leo mahali panapoonekana, kibadilike asubuhi, kisibadilike mteja akiwa ameshatoa pesa mfukoni. Sema mapema kama hupokei noti yenye mpasuko. Mtu ametoka Mugunga kwa pikipiki na noti yake moja ya dola ishirini. Ukimrudisha mlangoni kwa sababu ya mpasuko wa ukucha, nauli yake imekwenda bure.

Sema pia nani anabeba gharama ya kutoa pesa kwenye Airtel Money, M-Pesa au Orange Money. Tangu benki za mji zifungwe mwanzoni mwa 2025, kupata noti mkononi kuna bei yake, na mara nyingine mabishano ya gharama hiyo yanazidi mabishano ya bidhaa yenyewe. Ukiandika "tunapokea pesa ya simu" halafu mteja akaambiwa aongeze wakati wa kulipa, tangazo lako halikuwa la kweli.

Promo ya kweli inafananaje?

Bei uliyoikata mstari iwe bei uliyokuwa ukiuzia kweli, na watu waliilipa. Kuandika dola 60, kuikata kwa wino mwekundu na kuweka 40 kwenye viatu ambavyo havijawahi kuuzwa zaidi ya 40 ni uongo, hata kama avenyu nzima inafanya hivyo Desemba. Promo iwe na siku ya mwisho, siku hiyo ikifika iishe. Na ukisema zimebaki mbili, ziwe mbili.

Bidhaa bado haijafika. Naweza kuweka picha ya intaneti?

Wengi hupokea oda kwanza, ndipo wanatuma pesa Kampala, Dubai au Guangzhou. Biashara hiyo ni halali kabisa. Lakini andika chini ya picha, kwa herufi zinazosomeka, kwamba picha ni ya muuzaji wa huko, kwamba mzigo haujafika, na kama mzigo ukichelewa mteja anarudishiwa pesa yake au la. Hilo la mwisho ndilo linaloleta vita, ndilo pia linaloachwa mara nyingi.

Mzigo ukifika, piga picha mpya mwenyewe, mchana, mlangoni, bila kusafisha rangi. Gauni la kwenye picha ya kiwanda lina kitambaa kizito kinachoanguka vizuri. Lililotoka kwenye kifurushi ni jepesi, ukiliweka mbele ya dirisha unaona vidole vyako upande wa pili. Basi weka mkono nyuma yake upige picha hivyo hivyo. Onyesha zipu. Geuza uonyeshe mshono wa ndani. Mteja anayenunua baada ya kuona hayo harudi kulalamika, na hata bei anaielewa.

Kwa simu zilizotumika, sema kama kioo kimebadilishwa, betri inakaa muda gani, na simu imetoka wapi. Ukishindwa kusema imetoka wapi, usiiuze.

Kuna pia wanaochukua picha za mshonaji mwenzao, wanakata jina lake pembeni, wanaziweka kama kazi yao. Sheria ya haki za mtunzi ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda picha pia. Lakini hata bila sheria, mteja atakuletea picha hiyo umshonee vile vile, na mkono wako utaonekana.

Jibini yangu haitoki Masisi, lakini jina la Masisi ndilo linalouza. Niandike nini?

Andika inakotoka. Jina la jibini ya Masisi limejengwa na wafugaji na watengenezaji wa milimani kwa muda mrefu, na siku barabara inapokuwa mbaya au vita vinapozuia mizigo, wao ndio wanaopoteza. Kuazima jina lao siku hizo ni kuwanyang'anya kitu cha mwisho walichobaki nacho. Jibini yako ikiwa nzuri, ipe jina lako na umwonjeshe mteja kipande.

Vivyo hivyo kahawa ya Idjwi au ya Kalehe, na vivyo hivyo neno "bio" linaloandikwa siku hizi kwenye kila chupa ya asali. Kama huna cheti, sema unachokijua kwa macho yako: nani analima, wapi, anaweka nini shambani.

Makala, yaani mkaa, ni swali gumu zaidi. Sehemu ya makala yanayoingia Goma imekatwa ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 1979. Mama anayeuza vifuko vidogo pembeni ya barabara hakukata mti wowote, na simlaumu kwa kutafuta chakula cha watoto. Lakini asiseme "haya ni ya mashamba ya watu" ikiwa hajawahi kumwuliza aliyemletea. Anayeuza makala ya miti iliyopandwa ana haki ya kulitangaza hilo kwa nguvu, na uongo wa wengine unamnyima haki hiyo.

Nauza mafuta ya ngozi na dawa za kienyeji. Nafika wapi katika kusifia?

Hapa nitasema kwa ukali, kwa sababu hapa watu wanaumia mwilini. Mafuta mengi ya kung'arisha ngozi yana hidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi), steroidi kali, au zebaki. Zebaki inaharibu figo, na mama mjamzito anaweza kumpitishia mtoto tumboni. Steroidi zikipakwa muda mrefu zinafanya ngozi kuwa nyembamba, mistari inatokea, kidonda kinachelewa kupona. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kupeleka nje vipodozi vyenye zebaki inayozidi miligramu 1 kwa kilo. Kama kopo halionyeshi kilichomo, au lebo imeandikwa upya juu ya nyingine, usilitangaze wala usiliuze.

Kuna na maneno yenyewe. Tangazo linalomwambia msichana kwamba ngozi aliyozaliwa nayo ni uchafu wa kuondoa linamdhuru hata kabla hajafungua kopo. Sifia mafuta kwa kulainisha, kwa harufu, kwa kuzuia ngozi isipasuke wakati wa kiangazi. Hayo yanatosha kuuza.

Kwa dawa za majani: unaweza kusema watu huinywa kwa ajili ya nini na imetengenezwa na nini. Usiseme inatibu kisukari, presha, kansa au SIDA (UKIMWI). Mgonjwa anayeacha vidonge vyake kwa sababu ya stati yako anaweza kufa, na wewe utakuwa umeshaiba maisha ya mtu kwa faida ya franka elfu chache.

Wenye butiki zinazouza maziwa ya watoto wachanga: Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1981 inakataza kuyatangaza kwa umma na kuwapa akina mama sampuli za bure. Yauze kwa anayeyahitaji, bila bango la mtoto mnene mlangoni.

Rafiki yangu anaweza kuniandikia ushuhuda? Na mtu maarufu wa TikTok nikimlipa?

Rafiki ambaye alitumia bidhaa kweli, ndiyo, na aseme kwamba ni rafiki. Ambaye hakutumia, hapana. Na picha za mazungumzo ya WhatsApp zilizotengenezwa kwa simu mbili za mtu mmoja, "asante sana yaya, nimepona", wateja wanazitambua siku hizi.

Mtu maarufu mlipe, ila aseme wazi mwanzoni kwamba amelipwa au amepewa bidhaa bure. Asipotaka kusema, tafuta mwingine. Hivyo hivyo kwa waandishi wa habari: ukifungua duka na mwandishi wa redio akaja, bahasha ya coupage, yaani pesa anayopewa mwandishi ili atoe habari yako, inageuza habari kuwa tangazo lililofichwa. Redio zetu zina nafasi za matangazo. Inunue nafasi hiyo, isomwe kama tangazo, na redio iweke pesa hiyo kwenye vitabu vyake.

Nina namba za wateja mia kadhaa. Nikiwaweka wote kwenye grupu moja?

Usifanye hivyo. Kila mmoja ataona namba za wengine, na katika mji wetu namba ya mwanamke ikifika kwa mtu asiyemjua, usumbufu unaanza usiku huo huo. Alikupa namba umjulishe kanzu yake iko tayari, hakukupa kwa ajili ya promo. Mwulize kwanza. Tumia orodha ya kutuma badala ya grupu, na anayesema "niondoe" aondolewe siku hiyo. Usiuze wala usiazimishe namba hizo kwa mfanyabiashara mwingine.

Bidhaa zikiadimika ghafla, nikipandisha bei nakosa?

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na asubuhi ya tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Watu walikimbilia Sake, wengine Rutshuru, wengine wakavuka mpaka, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Kila mtu wa Goma anakumbuka nani alimwuzia maji kwa bei ya kila siku wiki ile na nani alimkamua.

Kama gharama yako imepanda, panda nayo na useme sababu: usafiri umepanda kiasi hiki, mzigo umekaa njiani. Watu wanaelewa, wanaishi hali ile ile. Lakini mzigo ulionunua kabla ya matatizo, kwa bei ya zamani, kuuzidisha mara tatu kwa sababu jirani hana mahali pengine pa kwenda ni kumwibia akiwa chini. Na usitumie hofu kuuza: "nunueni leo, kesho mambo yanaharibika" ni uvumi, na hapa kwetu uvumi unaweza kufunga soko zima kabla ya saa sita.

Sehemu ya faida yangu nawapa wakimbizi wa ndani. Naweza kulitangaza hilo kwa picha zao?

Tangaza msaada, kwa hesabu: kiasi gani kwa kila bidhaa, kinaenda kwa nani, na mwisho wa mwezi onyesha kilichotolewa. Picha za watu ni jambo lingine. Mama anayepokea kilo mbili za unga mkononi mwako hawezi kukukatalia picha hata akitaka. Ridhaa yake haina uhuru. Piga picha ya mifuko, ya mikono yako ikipakia, ya gari. Nyuso za watoto usiziweke kabisa. Mtoto wa miaka sita leo atakuwa na ishirini siku moja, na picha ya njaa yake itakuwa bado inazunguka ikiwa na nembo ya sabuni yako.

Mshindani wangu anadanganya na anauza kuliko mimi. Nifanye nini?

Hili ndilo swali linaloumiza, na sitasema kwamba mkweli hushinda kila mara. Kuna miezi utauza kidogo kuliko yeye. Mwenye mtaji wa siku moja hawezi kungoja sifa njema ikue, watoto wanakula leo.

Kinachosaidia ni kumpa mteja njia ya kuona tofauti kwa macho yake. Usimtaje mshindani, wala kumsema. Mfundishe mteja kukagua. Muuzaji wa mafuta ya mawese aonyeshe yake kwenye chupa isiyo na rangi na aeleze yaliyochanganywa hutambulikaje. Muuzaji wa simu ampe mteja muda wa kuijaribu na risiti yenye tarehe. Mteja aliyefundishwa akienda kwa yule mwingine atauliza maswali, na maswali hayo yatafanya kazi ambayo wewe hungeweza kuifanya. Inafaa pia wauzaji wa bidhaa moja kukubaliana juu ya kopo moja na kuonyana wenyewe, kabla mambo hayajafika kwa mkuu wa soko. Lakini mkikaa pamoja, mkubaliane juu ya kipimo tu. Kukubaliana wote mpandishe bei siku moja ni kosa mbele ya sheria ya ushindani.

Nimealikwa kuuza bidhaa na kuleta watu wengine chini yangu. Ni masoko halali?

Uliza swali moja: pesa inatoka kwa wanaotumia bidhaa, au kwa wanaoingia? Kama inatoka kwa wanaoingia, itakwisha wanaoingia wakiisha. Nchi yetu iliishi hilo na Bindo Promotion, mchezo wa upatu wa Kinshasa, iliyoanguka mwaka 1991 ikaondoka na akiba za watu waliokuwa wameahidiwa faida kubwa ajabu. Usimlete dada yako wala jirani wa kanisani.

Sheria ya Kongo inadai nini hasa?

Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani inakuachia upange bei yako, lakini inadai mteja aione. Ile inayoitwa Code du numérique, yaani sheria ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu kuhusu biashara ya mtandaoni na nyingine kuhusu data za watu; kwa ufupi, mnunuzi wa mtandaoni ajue wewe ni nani na anakupata wapi, na taarifa zake zisitumike bila ridhaa yake. Kuiga chapa ya mwingine kunagusa sheria ya mali ya viwanda ya tarehe 7 Januari 1982. Na usiandike kwamba bidhaa imepimwa na OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, kama huna karatasi yake mkononi.

Nimegundua kwamba bidhaa niliyoisifia ina kasoro, na watu wameshanunua.

Acha kuiuza leo. Tangaza kasoro pale pale ulipoisifia: kama ilikuwa stati, weka stati, kama ilikuwa megafoni, rekodi sauti mpya. Wapigie walionunua, ukianza na wenye watoto kama ni kitu cha kula au cha kupaka. Rudisha pesa au badilisha bidhaa, na kama pesa haipo yote, kubaliana nao kwa maandishi kiasi gani kila wiki. Mzigo wenye kasoro usimwuzie muuzaji wa Sake au wa Minova kwa bei ya hasara. Utaishia mkononi mwa mtu mwingine asiyejua, tena asiye na namba yako.